Bukwe Ndani ya Tablo Moja

Krrruuuu! Kiti cha plastiki kikivutwa juu ya sakafu ya sima. Hata leo ukiniamsha usingizini kwa mlio ule, nitakaa kitandani na kuuliza: "Nani amehamishwa?" Maana katika sale yetu, ule ukumbi wa feti na harusi pale Kampemba, mlio ule ulikuwa na sababu moja tu. Mahali fulani, Likasi ao Kolwezi, labda hata ndani ya bus, kuna mtu amegusa simu yake, ametoa jina la shangazi yake meza ya nyuma na kulipeleka meza ya mbele. Tablo, lile jedwali la majina na meza, inabadilika papo hapo kwenye kompyuta yangu. Mimi napaza sauti: "Tantine Charlotte, meza ya mbele!" Na wanaume wa viti kule ndani: krrruuuu!

Wadogo zangu, ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii ya kupanga watu kwenye feti, ni Yaya Béa, dada mkubwa wetu sote, aliyeniomba niwaandikie. Alisema: "Solange, baandikie hawa batoto. Banafikiri kazi ni kuvaa muzuri na kusimama ku mulango." Yaya Béa ndiye mkubwa wa sale, mnamjua, yule anayeanza kucheka kabla hajamaliza kukugombeza. Mimi nimeacha. Siku hizi ninapika keki nyumbani kwetu, komine ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na ninaota kwamba siku moja nitapika keki ndefu mpaka bibi harusi apande ngazi kuikata. Nikijiita pansyone, kama wazee waliopumzishwa kazini, Yaya Béa anapiga makofi: "Pansyone gani hana hata mvi moja!" Basi, mimi ni pansyone kijana. Someni hivyo hivyo.

Zamani kidogo, kabla yangu, majina yalikuwa yanaandikwa kwenye katoni na kubandikwa ukutani. Familia mbili zinakuja ofisini, zinasimama mbele ya katoni, zinagombana mpaka katoni inachanika. Kisha ikaja hii fishie ya pamoja, faili la kwenye mtandao. Tablo ni moja, kila mtu anaifungua kwake, wote wanaandika kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza nilipoiona nilisahau hata kula. Kila anayeingia anakuwa kisanduku cha rangi chenye jina lake juu, kinatembea kutoka kaze moja mpaka nyingine, na kaze ni kile kijumba kimoja kidogo cha kuandikia. Kile cha kijani kinasimama, kinafikiri. Kile cha zambarau kinakimbia kama mtu aliyechelewa misa. Nilikuwa peke yangu ofisini na chumba kilikuwa kimejaa watu! Nilikuwa nawasalimia kwa sauti: "Jambo, papa. Karibu, mama." Yaya Béa alidhani nina homa.

Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo nawaomba mlishike: kabla hujamtumia mtu lien, ile anwani ya kufungulia fishie, jiulize, huyu anakuja kuangalia ao anakuja kugusa? Kuangalia, mpe kila mtu, hata jirani. Kugusa, wape wachache. Lakini jaribu kumwambia mjomba wa bibi harusi kwamba yeye ataangalia tu! Kuna familia moja ya hapa hapa mjini ilikataa kabisa. "Bayomba bote baguse," walisema, "ao harusi haiko." Tukawapa wote. Mmoja wao, mtu mzuri, mpenda usafi, aliona majina hayafuati alfabeti, roho ikamuuma. Akachagua kolone, yaani safu, ya majina peke yake, akaipanga A mpaka Z. Majina yakashuka na kupanda, namba za meza zikabaki palepale. Padri akaangukia meza ya watoto. Mtoto asiyejua hata kufunga viatu akawekwa katikati ya wazee, meza ya heshima. Na yule mjomba akaandika kwenye grupu: "Nimewapangia. Aksanti ya nini, ni kazi ya familia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yaya Béa hakucheka, alikuwa anatafuta miwani. Alifungua kumbukumbu ya fishie, kule inakohifadhi sura zake zote za zamani, akairudisha vile ilivyokuwa kabla mjomba hajala chakula cha mchana. Kisha ndiyo akacheka. Basi, wadogo zangu: ukitaka kupanga, chagua tablo nzima, usichague kolone moja. Na kurudi nyuma si aibu, kile kitufe kiliwekwa kwa ajili yetu.

Halafu kuna lile la heshima. Sisi hatuandiki jina tupu la mtu mzima, nani atathubutu? Basi kwenye feti moja mama mmoja majirani walimwandika "Mama Odette", wapwa zake wakamwandika "Tantine Marie", na wajukuu wakamwandika "Nkambo ya Likasi". Tukamwekea viti katika meza tatu. Alipofika nikamweleza kwa haya, nikimwomba achague kimoja. Akanitazama, akatazama sahani zilizokuwa zinapita. "Kuchagua ya nini? Miye shitaki kuvunja mutu moyo." Akakaa meza ya kwanza, akala. Akahamia ya pili, akala. Kwenye ya tatu aliomba kwanza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa kusukumia. Tangu siku ile niliongeza kolone moja: "Ni mama wa nani, ni tantine wa nani, ni nkambo wa nani." Msiiondoe, nawaomba.

Lakini yote hayo ni ya kuchekesha tu. Ninalotaka sana mlijue ni harusi ya Nadine.

Nadine alikuwa mwalimu wa watoto wadogo hapa mjini, mtoto mmoja tu wa mama yake. Baba alikufa zamani. Mama, Mama Véro, alikaa Likasi na hakupenda safari. Bwana harusi, Trésor, alikuwa fundi wa mashine huko Kolwezi, hapati ruhusa mpaka siku zenyewe za harusi. Miji mitatu, tablo moja. Mama Véro ajaze upande wa bibi harusi, Trésor ajaze upande wake, mimi nitazame. Kazi nyepesi, nilisema moyoni, hapa nitaota ndoto zangu za keki kwa amani.

Kila siku mchana, wakati wa kupumzika kazini kwake, kisanduku cha Trésor kiliingia, rangi ya bluu. Kinaandika vizuri, taratibu: papa fulani, yaya fulani. Kisha kinaingia kisanduku cha rangi ya machungwa, Mama Véro. Na cha bluu, fyuu! Hakipo. Kimeacha jina katikati, herufi mbili zimekaa pale kama watoto waliosahauliwa sokoni. Mara ya kwanza nilisema mega za simu, lile bando, zimeisha. Mara ya pili nilisema ni rezo, mtandao umekatika. Lakini kila siku? Harusi ilikuwa Jumamosi, na upande wa Trésor ulibaki na matundu mengi.

Mama Véro ndiye aliyenipigia simu kwanza.

"Solange, mwanangu, unaona vile ule kijana anafanya?"

"Naona, mama. Pengine ni rezo."

"Rezo gani inaogopa miye peke yangu? Nikiingia, anatoka. Nikitoka, anarudia. Nilijaribu! Niliingia, nikatoka, nikaingia tena. Anaruka kama panzi!"

Tukacheka wote wawili. Yeye akaacha kwanza.

"Solange, Nadine njo mutoto wangu moja tu. Nilisema sasa Mungu atanipa wa pili. Bukwe ya mbele ya macho, naikubali. Asiniangalie, asikule mbele yangu, ni muzuri, hata baba yangu alifanya vile kwa mama ya mama yangu. Lakini humu ni tablo! Haina nyumba, haina mukeka. Miye sina sura humu, niko tu rangi ya machungwa. Kama ananikimbia mpaka humu, njo kusema hanitaki."

Kwa ninyi mliokulia mahali ambapo bukwe imelegea: ile ni heshima ya mkwe. Trésor alilelewa na nkambo yake huko kaskazini, na kwao kijana hamtazami mama wa mke wake usoni, hakai naye pamoja, hali chakula mbele yake. Akiwa na neno, mtu mwingine analipeleka. Hakuna chuki ndani yake hata chembe. Ni kama kuvua kofia, lakini kwa mwili mzima.

Nikampigia Trésor.

"Kaka Trésor, juu ya nini unakimbia mama?"

"Shimukimbie, dada! Namupisha."

"Unamupisha mu tablo?"

"Anaingia na jina yake yote juu ya kichwa! Anakaa mu kaze ya pembeni na yangu. Siku moja alikuya mu kaze yangu kabisa, mu ile nilikuwa naandika. Solange, niliangusha simu mu bukari!"

Niliziba mdomo, nikiiona ile simu ndani ya ugali. "Lakini yeye hakuoni."

"Miye namuona. Nkambo yangu alisema: mahali mama bukwe anakaa, weye hapana. Hakusema mahali ya sima, ao ya majani, ao ya simu. Alisema mahali."

Nilipeleka neno hilo sale, na kazi ikasimama. Wanaume wa viti walikaa juu ya viti walivyopaswa kupanga. "Fishie ni barabara," mmoja akasema, "batu banapitana tu." Mama wa jikoni akatoka na mwiko mkononi: "Hata mu barabara, ukikuta mama bukwe unaingia mu majani!" Mwingine akasema ni soko, kwenye soko kila mtu yuko na shughuli zake. "Soko?" mama wa jikoni akadakia. "Weye na mama bukwe yako munagusa nyanya moja?" Walicheka mpaka Yaya Béa akatoka ofisini: "Ni sale yangu, na ndani yake hakuna meza hata moja imepangwa! Simameni!"

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya harusi, kisanduku cha machungwa kiliingia. Cha bluu kikatoka, kama kawaida. Safari hii Mama Véro hakwenda kwenye majina ya ndugu zake. Alikwenda moja kwa moja meza ya mbele, kwenye kaze yenye jina lake mwenyewe, na kusimama hapo. Kisha herufi zikaanza kufutika, moja, moja, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka kaze ikawa nyeupe. Akatoka.

Kutoka ndani mwanaume wa viti aliuliza: "Solange, nani amehamishwa?"

Hazikupita dakika nyingi, Nadine akapiga simu. Alikuwa analia vile wanavyolia watoto wake wa shule, na maneno yanakatika. "Mama amesema... atabakia Likasi. Atatuombea kule kule. Solange, bila mama shitavaa ile robe ya harusi. Shitaingia mu kanisa. Trésor naye anasema akimukaribia mama atamukosea. Nifanye nini?"

"Ngojea," nilimwambia. Sikujua ninamwambia angojee nini.

Nilikaa mbele ya ile kaze nyeupe. Nikawaza mahari ya dada yangu, zile familia mbili zilivyokaa zikitazamana bila kusemezana. Katikati alisimama musemaji. Huku wanasema neno, yeye analibeba, analiweka kule. Kule wanajibu, analirudisha. Hakuna aliyesema kwamba watu wale wanachukiana! Mwisho wa yote walikula mbuzi mzima.

Nikaruka kwenye kiti. Ndani ya fishie ileile nikafungua ukurasa wa pili, nikauandika juu: "Kwa Trésor". Nikaufunga ili asiuguse mtu mwingine isipokuwa yeye. Kisha nikarudi kwenye tablo kubwa ya Mama Véro, na upande wa bwana harusi, meza ya mbele pia, nikaweka fomula: chochote kitakachoandikwa kule, kionekane hapa. Na kule kwa Trésor nikaweka nyingine: chochote mama atakachoandika katika kolone ya mwisho, kionekane kule. Vyumba viwili na ukuta katikati. Ya kwanza ilinitolea alama nyekundu za kosa, nilikuwa nimesahau alama moja. Ya pili ikakubali.

Yaya Béa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Unafanya nini?"

"Najenga ukuta, Yaya."

"Ukuta mu feti?"

"Ukuta yenye musemaji."

Yaya Béa akavuta kiti, akakaa kando yangu.

Nilimweleza Trésor kwa simu. Akauliza mara mbili: "Yeye hataingia mu chumba yangu?" Nikamwapia. "Ataona maneno tu, weye hatakuona. Fomula njo musemaji." Nikasikia anapumua. "Musemaji," akasema. "Ile, hata nkambo angekubali."

Bluu ikaingia katika chumba chake. Ikaandika bila kusimama, papa, tantine, yaya, rafiki wa kazini, matundu yote yakazibwa, nami nikawa napiga kelele za meza mpaka sauti ikakwaruza. Kisha ikafika meza ya mbele, mahali pa ile kaze nyeupe. Ikasimama. Nilidhani rezo imekatika kweli safari hii. Halafu herufi zikaanza kuja, na hakuandika jina, maana kwao jina la mama mkwe halitajwi. Aliandika hivi:

"Mama ya bibi yangu Nadine. Kiti chenye mugongo mulaini, hapana plastiki. Pembeni ya mulango, ili asitembee mbali. Tena kiti kidogo ya kuweka muguu wa kuume, juu ya vile goti inamuuma akikaa sana."

Yaya Béa akasoma kwa sauti, mara ya pili polepole. Nikamwuliza Trésor kwa simu: "Nadine njo alikuambia habari ya goti?"

"Hapana. Siku ya mahari nilikuwa naangalia chini tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Njo kusema niliona miguu yake tu. Alikuwa anasugua ile goti na mukono, anasugua, anasugua. Nilitaka kumuambia asimame kidogo, lakini ningesema na nani?"

Nikampigia Mama Véro. "Mama, ingia kidogo mu tablo."

"Shiingie. Nimetoka."

"Ingia. Leo hakuna mutu atatoka."

Ikachukua muda. Kisha rangi ya machungwa ikaonekana. Na bluu, wadogo zangu, bluu ilikuwa bado ipo, katika chumba chake, haijatikisika! Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Machungwa ikaenda meza ya mbele. Ikasimama juu ya yale maneno ya kiti. Ikasimama sana. Mwishowe ikasogea katika kolone ya mwisho, ikaandika:

"Ni nani aliandika hii?"

Musemaji akabeba. Upande wa pili ukajibu: "Ni miye, Mama."

"Ni goti ya kuume kweli."

"Ndiyo, Mama."

"Pembeni ya mulango kuna upepo. Uniweke ndani kidogo."

"Ndiyo, Mama."

Nilikuwa nimesimama tayari. Nilipita wanaume wa viti, nikaingia mwenyewe katika sale nikipiga kelele kama muuza samaki: "Kiti chenye mugongo mulaini! Meza ya mbele! Ndani kidogo, kuna upepo!" Hatukuwa nacho. Yaya Béa akatoa kile cha ofisini, chake mwenyewe, kile ambacho hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kukikalia.

Mama Véro alikuja na bus ya asubuhi, kitambaa kipya kichwani, na Nadine alivaa robe yake. Kwenye feti mguu ulikuwa juu ya kiti kidogo. Trésor alipopita mbele yake aligeuza uso ukutani kama inavyotakiwa, na kutoka pembeni, mahali nilipokuwa, niliweza kuona kwamba ule uso uliogeuzwa ulikuwa unacheka, na Mama Véro, aliyekuwa anatazama kitambaa cha meza kwa heshima zote, alikuwa anacheka pia. Keki ilipokatwa, Trésor aliniita kwa kidole na kunipa kipande kikubwa. "Pelekea mama." Nikakibeba hatua zile chache. Mama Véro akakipokea: "Umuambie nimeona." Nikarudi na neno. Usiku mzima nilikuwa fomula yenye visigino virefu.

Jumatatu nilikuwa peke yangu ofisini. Feti ikiisha, kazi yetu ya mwisho ni kufunga fishie, unawatoa watu wote, la sivyo wajomba wataendelea kuhamisha meza mpaka mwaka kesho. Nikaifungua niifunge. Machungwa ilikuwa ndani. Bluu pia, kila mmoja katika chumba chake. Sikutaka kusoma, lakini macho yalishatangulia.

"Mulifika muzuri Kolwezi?"

"Tulifika, Mama. Nadine analala."

"Na weye, umekula?"

Hapo bluu ilikaa bila kuandika, kwa sababu ni neno zito kwa kijana wa bukwe, kumwambia mama mkwe habari za sahani yake.

"Nimekula, Mama. Bukari na sombe."

"Ni muzuri. Goti leo hainiume."

Nilisogeza mkono wangu mpaka mahali palipoandikwa majina ya wenye ruhusa. Sikumtoa mtu. Nilimwandika Mama Véro kuwa ndiye mwenye fishie, funguo zote kwake, isipokuwa ule wa chumba cha Trésor. Kisha nikatafuta jina langu chini kabisa, nikalifuta.